Hatari Ipi Inavumilika? Usalama wa Safari Kibaha na Kisarawe

Kila mfumo wa usafiri una kiasi fulani cha hatari ambacho jamii imekubali kuishi nacho, iwe imekikubali kwa kusema au kwa kunyamaza. Hakuna gari, treni wala kivuko kinachosafirisha watu bila uwezekano wowote wa kuwaumiza. Kinachotofautiana ni ukubwa wa uwezekano huo, uzito wa madhara yake, watu wanaoangukiwa na madhara hayo, na njia iliyotumika kuamua kwamba usalama uliofikiwa unatosha. Wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, zinafaa sana kwa kulichunguza jambo hili. Ndani ya eneo hilo dogo zinakutana njia za kila aina: Barabara ya Morogoro yenye malori ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, Reli ya Kati ya zamani, reli ya kisasa ya SGR inayopita Soga na Ruvu, reli ya TAZARA yenye stesheni Mzenga, na barabara za vumbi za Kisarawe ambako vijiji vingi vinategemea bodaboda. Mkazi mmoja anaweza kuzitumia karibu zote katika wiki moja, na kila anapobadilisha chombo anahamia kwenye kiwango kingine cha usalama ambacho hakuulizwa kama anakitaka.

Wataalamu huipima hatari kwa mambo mawili kwa pamoja: uwezekano wa tukio kutokea, na uzito wa madhara likitokea. Pancha ya baiskeli hutokea kila siku na ni nadra kumuua mtu. Treni kukatika breki hutokea kwa nadra na huweza kuua mamia. Baada ya kupima, hatari hupangwa katika madaraja matatu. Daraja la chini ni la hatari ndogo mno, ambayo hakuna anayeishughulikia zaidi. Daraja la juu ni la hatari isiyoruhusiwa kwa faida yoyote ile. Katikati kuna hatari inayovumilika, yaani ile ambayo watu huibeba kwa sababu ya manufaa yanayoambatana nayo, kwa sharti kwamba inaendelea kupunguzwa. Sharti hilo ndilo lenye uzito. Hatari iliyovumiliwa mwaka huu haipati kibali cha kuvumiliwa milele.

Uingereza iliweka tarakimu kwenye mipaka hiyo mwaka 1988, katika waraka wa mamlaka yake ya afya na usalama kazini uliohusu vinu vya nyuklia. Kwa mwananchi wa kawaida anayebebeshwa hatari na shughuli za wengine, mpaka wa juu uliwekwa kwenye uwezekano wa kifo 1 kwa kila watu 10,000 kwa mwaka. Kwa mfanyakazi ulikuwa 1 kwa 1,000. Hatari iliyo chini ya 1 kwa 1,000,000 ilihesabiwa kuwa ndogo mno. Katikati ya mipaka hiyo mwenye shughuli ana wajibu uliotokana na hukumu ya mwaka 1949, katika kesi ya mchimba makaa ya mawe aliyefariki baada ya ukuta wa njia ya mgodini kumporomokea: apunguze hatari mpaka pale ambapo gharama ya kuongeza usalama imekuwa kubwa kupita kiasi kulinganisha na usalama unaopatikana. Hukumu hiyo mara nyingi hupotoshwa. Haisemi usalama ununuliwe pale tu faida inapozidi gharama. Inataka mizani ielemee upande wa uhai, na mzigo wa kuthibitisha ubaki kwa mwenye shughuli.

Kipimo hicho hakikutungwa kwa ajili ya barabara, wala Tanzania haijakitunga kuwa sheria. Hata hivyo, kukijaribu hapa kunafunua jambo kubwa. Kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya ajali za barabarani. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba vifo vya mwaka huo vilizidi 16,000, sawa na takriban 29 kwa kila watu 100,000. Nchi ilikuwa na watu wanaokaribia milioni 56. Hesabu ya kwanza inampa Mtanzania uwezekano wa kufa barabarani wa takriban 1 kwa 17,000 kwa mwaka; hesabu ya pili inampa 1 kwa 3,400. Kwa mpaka wa 1 kwa 10,000, nchi ileile, mwaka uleule, iko ndani ya eneo la kuvumilika kwa hesabu moja na nje yake kabisa kwa hesabu nyingine. Kabla ya kubishana kuhusu hatari ipi ikubalike, kwa hiyo, kuna swali linalotangulia: nani anahesabu, na anahesabu nini?

Kibaha ina nafasi ya pekee katika swali hilo. Hospitali ya Tumbi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, hupokea majeruhi wa Barabara ya Morogoro. Askari wa usalama barabarani huandika kilichotokea eneo la ajali. Majeruhi anaweza kupelekwa Tumbi, akahamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, akafariki baada ya siku kadhaa. Bila utaratibu wa kuunganisha daftari la polisi na la hospitali, kifo hicho huweza kubaki kwenye orodha ya majeruhi. Mwenda kwa miguu aliyegongwa usiku na dereva akakimbia, au kijana wa bodaboda aliyeanguka peke yake kwenye barabara ya kijijini, huweza asifike hata kwenye daftari la kwanza. Wanaopotea kwenye hesabu ni wale wasio na gari, wasio na bima, na wasio na mtu wa kufuatilia faili. Hesabu pungufu inawaonea watu walewale wanaoumia zaidi.

Baada ya hesabu linafuata suala la nani anaibeba hatari na nani anapata faida. Mwaka 1969 mhandisi wa Marekani, Chauncey Starr, aliandika kwamba watu huonekana kuvumilia hatari wanazojichagulia kwa kiasi cha takriban mara 1,000 kuliko zile wanazobebeshwa. Tarakimu hiyo imepingwa sana, lakini tofauti yenyewe imebaki. Dereva anayeovateki kwenye mlima amechagua, japo kwa uovu. Abiria aliye nyuma yake hakuchagua. Mama anayeuza matunda ukingoni mwa barabara Maili Moja, mjini Kibaha, au mtoto anayevuka kwenda shule, amechagua kidogo zaidi: barabara ilipanuliwa mbele yake, kasi ikapangwa na wengine, na faida ya kufika mapema ikaenda kwa anayepita.

Upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kutoka njia mbili hadi nane, unaonyesha vizuri jinsi hatari inavyoweza kuhama badala ya kupungua. Kutenganisha magari yanayokwenda na yanayorudi hupunguza ajali za uso kwa uso, ambazo ndizo mbaya kuliko zote kwa walio ndani ya magari. Foleni nayo imepungua, na hilo ni jema lisilo na ubishi kwa maelfu ya wafanyakazi. Lakini tazama upande wa anayevuka. Njia nane zenye upana wa mita 3.5 kila moja ni mita 28, bila kuhesabu eneo la katikati. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde, hivyo atatumia sekunde 23. Ndani ya sekunde hizo gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 500. Mzee, mjamzito au mtoto aliyebeba ndoo hutumia muda mrefu zaidi. Mradi unaweza basi kuandikwa kuwa umeongeza usalama, na ikawa kweli kwa wastani, huku hatari ya mwenda kwa miguu ikiongezeka. Wastani hauna budi kuvunjwa kwa makundi kabla haujaaminiwa. Daraja la waenda kwa miguu, kisiwa cha kupumzikia katikati, taa za kuvukia na matuta ya tahadhari ni sehemu ya gharama ya barabara yenyewe. Havipaswi kuwa mapambo ya kuongezwa fedha zikibaki.

Kasi ndiyo inayoamua kama kosa litaishia kwenye kelele za breki au kwenye jeneza. Nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo gari la kilomita 80 kwa saa hubeba nishati mara mbili na nusu ya lile la kilomita 50. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye breki nzuri na dereva anayeshtuka kwa sekunde moja huhitaji takriban mita 28 kusimama likiwa kwenye 50, na mita 57 likiwa kwenye 80. Lori lililojaa huhitaji zaidi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na 80 kwa magari ya abiria na mazito nje ya maeneo hayo. Hamsini ilikuwa hatua nzuri kwa wakati wake. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba mahali ambapo watu na magari vinachanganyikana, mwili wa binadamu unastahimili mgongano wa kasi isiyozidi takriban kilomita 30. Kwa magari yanayoweza kugongana ubavuni ni 50. Na kwa yanayoweza kugongana uso kwa uso ni 70.

Tarakimu hizo tatu zinahusishwa na sera ya Sweden iliyopitishwa na bunge lake Oktoba 1997, inayokataa kuwepo kwa idadi yoyote ya vifo vya barabarani inayokubalika. Kibaha ina undugu wa zamani na nchi hiyo: Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, Sweden ikiwamo, kabla ya kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Sera ya Sweden haidai kwamba hakuna atakayekufa kesho. Inadai kwamba binadamu atakosea, na kwamba kazi ya mjenzi wa barabara, mtengeneza gari na mtunga sheria ni kuhakikisha kosa la kawaida halilipiwi kwa uhai. Msemo wa ajali haina kinga unatuliza msiba, na una haki ya kutuliza. Lakini hauwezi kuwa msingi wa kupanga barabara, maana ajali nyingi zina kinga zinazojulikana, zenye bei inayojulikana.

Ushahidi kwamba fikra hiyo inatekelezeka nchini uko jirani na Kibaha. Nje ya baadhi ya shule za msingi za Dar es Salaam, badala ya misamiati mikubwa, vimewekwa vitu vidogo: njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko na alama, na mageti ya shule yakahamishwa kutoka kwenye barabara yenye magari mengi. Kazi hiyo ya shirika la Amend ilipimwa kwa utafiti uliolinganisha maeneo yaliyorekebishwa na yasiyorekebishwa, na majeruhi wakaonekana kupungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 ilipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross. Hatari inayoweza kupunguzwa kwa tuta na rangi haiwezi kuitwa ya kuvumilika mahali ambapo tuta na rangi havijawekwa.

Reli inafuata mantiki nyingine kabisa. Viwango vya Ulaya, vilivyoathiri ujenzi wa reli za kisasa duniani, vinaruhusu njia tatu za kuamua kama mfumo uko salama vya kutosha: kufuata kanuni za kiufundi zilizokwisha kuthibitishwa, kulinganisha na mfumo unaofanana ambao usalama wake unajulikana, au kukokotoa hatari moja kwa moja. Wafaransa wana kanuni fupi zaidi: mfumo mpya usiwe na usalama mdogo kuliko uliopo. Reli ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ilisanifiwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa kwa treni za abiria. Kwa kasi hiyo kuchanganya treni na watu hakuvumiliki hata kidogo, ndiyo sababu ikajengwa uzio, barabara zikapitishwa juu au chini ya reli, na ukawekwa mfumo wa mawasiliano unaoweza kuidhibiti treni dereva asipotii ishara. Yote hayo yana bei, na sehemu ya bei hiyo hailipwi kwa fedha. Mkulima wa Soga ambaye shamba lake liko ng'ambo ya uzio analipa kwa hatua za kuzunguka hadi kwenye kivuko. Vivuko vikiwa mbali mno, watu hutoboa uzio, na hatari iliyoondolewa kwenye michoro hurudi kwenye uhalisia. Umbali kati ya kivuko na kivuko ni kipimo cha usalama sawasawa na unene wa chuma cha reli.

Pembeni mwa SGR, Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ingali ina makutano ya usawa mmoja na barabara, na watu huifanya njia ya miguu. Tofauti ya reli hizi mbili haina maana kwamba abiria wa ile mpya ana uhai wenye thamani zaidi. Ina maana kwamba ile mpya iliamuliwa upya, na ile ya zamani ikaachwa na maamuzi ya wakati wa Wajerumani.

Kuna sababu nyingine ya reli na vyombo vya majini kudaiwa usalama mkubwa zaidi kuliko barabara: jamii huogopa kifo cha wengi kwa pamoja kuliko vifo vilevile vikitawanyika. Ajali ya treni ya Igandu, Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, ambapo treni ya abiria ilirudi nyuma ikagongana na ya mizigo, iliua watu 281. Kuzama kwa MV Nyerere karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, kuliua 228, na chombo kilikuwa kimesajiliwa kubeba abiria 101. Nchi iliomboleza, tume zikaundwa. Barabarani idadi kama hiyo hufikiwa na kupitwa kila mwaka, mmoja hapa na wawili pale, bila bendera kushushwa. Hofu ya janga kubwa ina msingi, kwa sababu janga hufuta familia nzima na huvunja imani kwa taasisi. Lakini haiwezi kuhalalisha kumwacha anayekufa peke yake barabarani Mlandizi, wilayani Kibaha, nje ya mjadala.

Kisarawe inaleta ugumu ambao majedwali hayaupendi. Pikipiki ni chombo cha hatari kubwa kwa kila kilomita, na kubeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kunaizidisha. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa usiku kwenye kijiji kilicho mbali na lami, bodaboda ndiyo usafiri uliopo. Kuipiga marufuku kungeondoa hatari ya barabara na kuleta hatari ya kutofika hospitali, ambayo haiandikwi kwenye takwimu za ajali. Hatari ya chombo hupimwa kwa kulinganishwa na hatari ya kukikosa. Hapa kazi iliyo ya haki ni kupunguza: kofia ngumu iliyofungwa vizuri hupunguza uwezekano wa kifo kwa takriban asilimia 40 na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 70, kwa hiyo abiria naye anastahili kofia. Kisha barabara ipitike mwaka mzima ili Noah na basi dogo viweze kufika, maana suluhisho la kudumu ni kumpa mtu njia nyingine ya kuchagua.

Maamuzi mengine hufanywa kwa amri. Kwa takriban miongo mitatu, tangu miaka ya 1990, mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku. Zuio lilitokana na nia ya kuokoa maisha, lakini lilikuwa na madhara yake: mabasi yaliondoka Dar es Salaam kwa mkupuo alfajiri, yakishindana kufika kabla ya giza na kupita Kibaha saa ambazo wanafunzi wako barabarani. Mwaka 2023 zuio liliondolewa, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ikaendelea kufuatilia mwendo wa mabasi kwa vifaa vya VTS, yaani mfumo wa kufuatilia magari. Kuondoa zuio kunaweza kuwa sahihi, kama vile kuliweka kulivyoweza kuwa sahihi. Kilicho muhimu ni kupima kabla na baada, na kuchapisha matokeo, ili uamuzi unaofuata usitegemee sauti ya aliye karibu na meza.

Fedha nazo haziepukiki. Nchi nyingi hukadiria kiasi ambacho jamii iko tayari kutumia kuepusha kifo kimoja. Wizara ya uchukuzi ya Marekani hutumia zaidi ya dola milioni 10. Kiasi hicho kikipunguzwa kwa kufuata kipato, uhai wa Mtanzania hushuka bei kwenye karatasi, na ndani ya Tanzania muuza mkaa wa Kisarawe hushuka chini ya mwenye gari. Hilo ni kosa la kimaadili lililovaa nguo za hesabu. Serikali inaweza kuwa na uwezo mdogo na bado ikatumia thamani moja kwa kila raia, kisha ikaanza na hatua zinazookoa wengi zaidi kwa kila shilingi.

Uamuzi wa hatari, hata uwe mzuri, huzeeka. Bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, na treni za mizigo za SGR zinabadilisha njia za malori: sehemu moja ya barabara itapumua, nyingine itapata magari mazito ambayo haikuyazoea. Tathmini za jana hazitoshi kwa Vigwaza na Mlandizi za kesho, kandokando ya Barabara ya Morogoro. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zinaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya. Ziombe polisi na Tumbi waunganishe hesabu zao za vifo kila robo mwaka, zichapishe hesabu hiyo kata kwa kata ikionyesha waenda kwa miguu, bodaboda na abiria kila kundi peke yake, na zidai kwamba kila mradi wa barabara unaoletwa kwenye baraza la madiwani uonyeshe kwa maandishi nani atabeba hatari itakayobaki.